Nusu Mbili za Inspekta

Fundi Milimita hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Alikuwa amekaa na mbao miaka thelathini, na mbao ikikataa kuingia mahali pake, kuna sababu: ama imepinda, ama imelowa, ama aliyepima alikuwa anawaza chakula. Basi Jumanne ile dada yake alipoingia karakana saa nane mchana, uso umekunjamana, karatasi mkononi, fundi aliisoma karatasi hiyo mara tatu. Akaigeuza nyuma aone kama kuna maelezo. Nyuma kulikuwa kweupe. Akairudia mara ya nne.

"Sasa hii maana yake nini?"

"Si unajua kusoma, kaka? Mtoto anarudishwa nyuma. Wenzake wanakwenda darasa la kwanza, yeye abaki awali na vitoto vya miaka mitano."

"Inspekta huyu huyu?"

"Kwani nina mwingine?"

Fundi aliketi juu ya mbao alizotoka kuziranda, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. Inspekta alikuwa mpwa wake, mtoto wa pekee wa huyu dada. Baba mtu ni dereva wa malori ya masafa marefu, anaonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi akiwa na usingizi. Mama ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kiko ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo shule ikitoka saa sita, mtoto hushinda karakana kwa mjomba wake, na jina la Inspekta alilipatia humo humo. Alikuwa na miaka minne tu aliposimama mbele ya rafu mpya, akalaza kichwa begani, akasema, "Mjomba, hii imelala." Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu, kwa kumfurahisha tu, akaweka pimamaji juu ya rafu, na kile kiputo kikakimbilia pembeni. Kicheko kikamkauka. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichotoka karakana bila Inspekta kukizunguka, mikono nyuma, kama mkaguzi wa serikali.

Na leo karatasi ya shule inasema nini? Mtoto hajamudu dhana ya nusu na nzima. Haoni kwamba nusu mbili ni nzima moja. Ameacha kushiriki ujenzi wa vitofali. Inapendekezwa arudie mwaka. Walimu watakaa Ijumaa saa nne kukata shauri, mzazi afike na mtoto.

"Vitofali!" fundi alipiga kelele. "Vitofali vyangu mwenyewe!"

Hapo ndipo alipopata uchungu hasa. Vile vitofali vya mbao vya darasa la awali alivitengeneza yeye, likizo iliyopita, masanduku matatu, zawadi kwa shule. Mwalimu alikuja na mchoro: anataka vizima, anataka nusu, anataka robo, watoto wajifunzie hesabu. Fundi alichagua mbao ngumu, akapiga msasa mpaka zikateleza, na shule ikaandika kwa rangi nyekundu kwenye kila sanduku: Zawadi ya Fundi Milimita. Jina la Milimita walimpa wateja, baada ya yeye kuliendea kabati ambalo mteja alikuwa amekwisha kulipokea na kulisifu, akalirudisha karakana kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umezidi milimita moja. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Sasa mtoto wa dada yake ashindwe kwa vitofali vya mikono yake! Hakuelewa mbele wala nyuma.

"Kesho nakwenda shuleni," alisema.

"Nenda. Ila usiende kugombana na watu."

"Mimi nagombana?"

Dada mtu alimtazama tu. "Na hiyo penseli ya pili itoe sikioni. Umechanganyikiwa mpaka umeweka masikio yote mawili."

Jumatano saa tatu fundi alivua viatu mlangoni, pembeni ya viatu vidogo ishirini na kitu, akaingia darasani. Sakafu ya saruji, madirisha ya chini, michoro ukutani, na watoto wametapakaa chini na vitofali. Mmoja anajenga gereji. Wawili wanagombania mnara. Mwingine amepanga barabara ndefu mpaka chini ya meza ya mwalimu, na analitembeza lori la kopo. Fundi alisimama akisubiri. Dakika kumi zikapita.

"Samahani, mwalimu," alisema mwisho, "darasa linaanza saa ngapi?"

"Ndilo hili, fundi."

"Lakini wanacheza."

"Wanafanya hesabu. Na sayansi."

Fundi aliangalia tena. Hakuna daftari, hakuna penseli, ubaoni hamna hata namba moja. Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye magoti yaliyochubuka kwa kupigapiga magoti sakafuni, alimwonyesha kwa kidole mtoto wa gereji. Ukuta wa gereji ulikuwa na pengo. Mtoto alijaribu kizima, kikagoma. Akajaribu nusu, pengo likabaki. Akaongeza robo moja, pengo likazibika, akapiga makofi mwenyewe.

"Hapo amejumlisha," mwalimu alinong'ona.

"Hajaandika kitu."

"Ataandika mwakani. Mwaka huu mkono wake ujue kwanza."

Fundi alitikisa kichwa vile mtu anavyotikisa akiwa hajaelewa na hataki kuulizwa. Yeye alifundishwa hesabu kwa fimbo, na alikuwa na hakika kwamba ilimwingia kwa sababu hiyo. Ndipo alipomwona Inspekta. Alikuwa ameketi ukutani peke yake, miguu ameinyoosha, na mikono yake miwili ameikalia, kila mmoja chini ya paja lake.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Mimi mwenyewe simwelewi, fundi," mwalimu alisema, na kweli uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi kwa jambo hilo. "Huyu alikuwa mjenzi wangu mkuu. Kila siku daraja. Nguzo huku, nguzo kule, kibao juu, na juu ya kibao gololi. Halafu analala kifudifudi anaitazama. Siku nilipofundisha nusu na nzima, akaniambia, mwalimu, haviko sawa. Nikamwonyesha. Akasema haviko sawa. Nimemwonyesha mara tatu, wenzake wakaanza kumcheka. Tangu hapo hagusi kitofali, hajibu, anakalia mikono. Nimefikiria labda macho. Labda masikio. Sijui."

"Muulize sasa hivi mbele yangu."

Mwalimu akachukua kizima kimoja, akakiweka mezani. Pembeni yake akaweka nusu mbili, mkia kwa kichwa. Fundi, akiwa amesimama kwa urefu wake wote, alivitazama kutoka juu, akaona vimelingana sawasawa. Kifua kikamtuna kidogo. Mkono wangu huo, aliwaza.

"Watoto, nusu mbili ni vizima vingapi?"

"Kimojaaa!" darasa likaitika.

"Inspekta, mama, nusu mbili ni vizima vingapi?"

Mtoto alimtazama mjomba wake, siyo mwalimu. Midomo ikamcheza. Watoto wawili wakaanza kuchekea viganjani.

"Sema kimoja!" fundi alifoka. Hakukusudia kufoka, ila sauti ilikwisha toka. "Si unaona mwenyewe? Sema kimoja, Inspekta!"

"Havitoshi," alisema mtoto, na machozi yakamtoka.

Shule ilipotoka, njiani kurudi, fundi alisema maneno ambayo baadaye angetoa kidole kimoja ili ayarudishe. "Umenitia aibu," alisema. Siku zote wakitembea Inspekta humshika mjomba wake kidole cha shahada na kuning'inia kama kwenye kamba. Siku hiyo alitembea peke yake, hatua tatu nyuma, mkono mmoja mfukoni mwa sketi ameshika gololi yake.

Alhamisi mchana fundi alifunga mlango wa karakana, akageuza kile kibao kisemacho "Tupo" kikasema "Hatupo", akaamua kumfundisha mwenyewe. Kesho ndiyo kikao. Mtoto lazima aijue nusu kabla jua halijatua, liwalo na liwe.

Alianza na karatasi. Akaikunja katikati, akaichana pole pole kwenye mkunjo.

"Hii nusu, hii nusu. Zote mbili ni karatasi ngapi?"

"Moja," Inspekta alisema papo hapo.

Fundi alimtazama. Akachukua kikombe, akajaza maji nusu, akajaza cha pili nusu, akamimina kimoja kwenye kingine.

"Nusu na nusu?"

"Kimoja. Kimejaa."

"Kamba hii nikiikata katikati?"

"Ukiunganisha inakuwa ile ile."

"Sasa jamani! Na vitofali?"

Mtoto akainama. "Vitofali havitoshi."

Loo! Fundi alishika tama. Karatasi anajua, maji anajua, kamba anajua, anayekataa ni vitofali tu. Angekuwa hajui kabisa, hilo lingeeleweka, watoto wapo wa namna hiyo na baadaye wanakuwa watu na wake zao. Lakini kujua nusu ya kila kitu duniani isipokuwa nusu ya vitofali vya mjomba wako, huo ni ugonjwa gani?

"Kwa nini vitofali tu?"

"Vinapungua."

"Vinapungua vinakwenda wapi?"

"Sijui," alisema Inspekta, naye sasa sauti ilikuwa ya kuchoka. "Mimi nilidhani wewe unajua. Nikiweka nguzo ya kizima na nguzo ya nusu mbili, gololi inakwenda kwa vidogo. Nikiweka nguzo ya robo nne, inakimbia. Nimegeuza daraja upande wa dirisha, inakwenda kwa vidogo. Nimehama nimeenda mlangoni, inakwenda kwa vidogo. Siyo sakafu, mjomba."

Fundi alifungua mdomo ili aseme ni sakafu, akaufunga. Ya nini kubishana na mtoto wa miaka sita? Akaokota kibao chembamba kilichobaki kwenye kazi ya dirisha, akapima, akakata vipande viwili vinavyolingana kabisa, akavisimamisha mbele ya macho ya Inspekta.

"Ndugu hawa. Sawa?"

Inspekta akavizungusha, akavibandika pamoja, akapitisha kidole juu. "Sawa."

"Nakata mmoja katikati. Tazama kwa makini, maana nikimaliza hapa sitaki kusikia habari ya havitoshi."

Akakibana kipande kwenye jiliwa, akaweka alama ya penseli katikati, akachukua msumeno wa mkono. Inspekta alisogea mpaka pua yake ikawa karibu na ubao. Msumeno ukaanza kwenda na kurudi, na unga wa mbao ukawa unamwagika taratibu juu ya sketi ya shule. Kipande kikaachana. Fundi akavitoa vipande viwili, akamnyooshea.

"Haya, vipange pembeni ya ndugu yao."

Inspekta hakuvipokea. Alikuwa anatazama sketi yake. Akaukusanya ule unga kwa ukingo wa kiganja, kilundo kidogo cha kujaa kijiko cha chai, akauinua juu.

"Mjomba, na huu?"

"Huo uchafu, kung'uta."

"Lakini umetoka humu ndani."

Fundi alikuwa na vipande viwili mkononi. Akaviangalia. Akaviweka juu ya benchi, mkia kwa kichwa, pembeni ya kile kizima, ncha kwa ncha. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya darasani: aliinama mpaka macho yake yakalingana na benchi. Kule mwisho, kizima kilikuwa kimechungulia mbele ya wenzake. Milimita mbili.

Inspekta alipanda juu ya kigoda. Akavisogeza vile vipande viwili viachane, mpaka ncha za nje zikalingana na za kizima, pengo likabaki katikati. Kisha akamimina unga wake kwenye pengo, akausindilia kwa kidole kidogo mpaka ukajaa.

"Sasa kimoja," alisema.

Fundi aliketi chini. Aliketi kwenye maranda, sakafuni, mtu wa miaka hamsini na mbili. Kila fundi anajua msumeno unakula. Yeye mwenyewe ndiye anayewapigia wenzake kelele: acheni nafasi ya msumeno, acheni ya msumeno! Wa mkono unakula milimita mbili, wa mashine unakula tatu. Na sasa aliikumbuka siku ile ya vitofali kama vile ni jana. Vizima alivipima kimoja kimoja, sentimita ishirini na nne kamili. Zilipofika nusu alikuwa amechoka, na kazi ya madirisha inamsubiri, akaona kwa nini apime upya? Akatwaa vizima vilivyokwisha tengenezwa, akavipitisha kwenye mashine katikati. Za robo akapitisha mara tatu. Halafu akajiambia kwa sauti, peke yake humu humu karakana, "Watoto hawa watajua nini."

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Kumbe kwa wiki nzima mtoto alikuwa anawaambia watu ukweli, na kila mtu mzima aliyekuwa karibu naye, mjomba wake akiwa wa kwanza, alikuwa anamwambia ameona vibaya.

Inspekta yeye alikuwa anarukaruka juu ya kigoda. "Imeliwa! Mjomba, ilikuwa imeliwa! Kesho nitawaambia walimu!"

"Ngoja kwanza," fundi alisema.

Hapo mlango ukagongwa, akaingia dada yake na nyuzi zimemganda kwenye gauni. "Vipi, ameelewa?"

Fundi alisimama, akajikung'uta. Alikuwa na nafasi ya kusema. Lakini akilini aliona masanduku matatu yenye maandishi mekundu. Aliona walimu wote wamekaa, na yeye mbele yao, Milimita, akieleza jinsi alivyofanya kazi ya ovyo.

"Ameelewa," alisema. "Kesho atasema kimoja."

Mtoto akaacha kuruka. "Lakini mjomba..."

"Sema kimoja, Inspekta, uende darasa la kwanza na wenzako. Vile vitofali nitavitengeneza upya likizo, kimyakimya, hakuna atakayejua."

Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Uongo mtupu! Alikuwa anajihurumia yeye. Inspekta aliteremka kwenye kigoda, akakung'uta kiganja chake, akaenda kusimama kwa mama yake. Dada mtu aliwatazama wote wawili, akaona kuna kitu hakijakaa sawa, akashindwa kujua ni kipi.

Ijumaa saa nne walikaa katika darasa lile lile la awali, watoto wakiwa wamepelekwa uwanjani. Viti vilikuwa vya kitoto, magoti ya fundi yalimfika kifuani. Mbele yao mwalimu, na mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, fomu mapajani. Masanduku matatu yalikuwa ukutani, maandishi yamewageukia. Inspekta alikaa katikati ya mama yake na mjomba wake, ameikalia mikono.

"Tusichukue muda," alisema mwalimu mkuu. "Mwalimu, muulize."

Mwalimu akavipanga: kizima kimoja, nusu mbili pembeni. Alimpenda mtoto huyu. "Inspekta, nusu mbili ni vizima vingapi?"

Mtoto alitazama sakafu.

"Kimoja," alisema.

"Ehee!" Mwalimu akapiga makofi, machozi yakamlengalenga. Mama mtu akashusha pumzi mpaka kiti kikalia. Mwalimu mkuu akatabasamu, akafungua kalamu. "Basi, si ndivyo tulivyotaka? Darasa la kwanza. Hongera, mama."

Inspekta hakutabasamu. Mikono bado ilikuwa chini ya mapaja. Fundi aliitazama ile mikono, ambayo wiki mbili zilizopita ilikuwa inajenga madaraja, na akaona wazi kwamba mtoto huyu atakwenda darasa la kwanza hivi hivi, na la pili, na la tatu, amekalia mikono, akiwaambia watu wazima wanachotaka kusikia. Na aliyemfundisha ni yeye.

"Amekosea," alisema fundi, akiinuka.

Kalamu ikasimama. "Nani?"

"Mtoto amekosea. Jibu siyo kimoja."

"Kaka, kaa chini!" dada yake alinong'ona na kumvuta shati.

"Fundi, mtoto amefaulu," alisema mwalimu mkuu, amechanganyikiwa kweli kweli. Miwani ilimteremka puani. "Hapa tunamalizia. Unataka nini tena?"

"Nipeni dakika tano. Inspekta, niazime gololi."

Mtoto alimtazama. Pole pole, mkono mmoja ukatoka chini ya paja, ukaingia mfukoni, ukatoka na gololi ya kijani. Fundi akaipokea, akapiga magoti kwenye saruji. Akasimamisha kizima kimoja kiwe nguzo. Akasimamisha nusu mbili, moja juu ya nyingine, ziwe nguzo ya pili. Vidole vyake vinene viliiangusha mara mbili kabla hajaweza. Juu akalaza kibao. Juu ya kibao akaweka gololi, akaiachia.

Gololi ilifikiri kidogo. Kisha ikaondoka, ikaelekea upande wa nusu, ikadondoka, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha mwalimu mkuu.

"Ni sakafu," alisema mwalimu mkuu.

"Siyo sakafu," alisema Inspekta, kwa sauti ndogo.

Fundi akaligeuza daraja upande wa pili. Gololi ikaenda upande wa nusu. Akatoa nusu, akaweka robo nne. Gololi ikakimbia. Mwalimu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Naomba mshuke," fundi alisema. "Mimi pia nilitazama nikiwa nimesimama, nikaona sawa. Mtoto alitazama akiwa amelala."

Basi mwalimu mkuu, mama mzima mwenye heshima zake, alishuka kwenye kiti kile kidogo, akajilaza, akaweka shavu juu ya saruji. Mwalimu akajilaza upande wa pili. Fundi akalaza kizima na nusu mbili mbele ya macho yao. Kila mtu alikuwa anaona zile milimita tatu.

"Nilivikata vizima vilivyokwisha pimwa," fundi alisema akiwa bado kwenye magoti. "Sikuacha ya msumeno. Nilichoka, nikasema watoto hawa watajua nini. Huyu akajua. Aliwaambia mara tatu, mimi akaniambia mara ya nne, nikamfokea mbele ya wenzake. Jana amenionyesha kosa langu, nikamwambia alifiche. Hilo 'kimoja' alilosema hapa ni langu, siyo lake. Inspekta, nisamehe, mama."

Aliyejibu wa kwanza ni dada yake. Alianza kwa kukohoa, kikawa kicheko, akajifunika kanga usoni. "Kaka! Miaka yote mimi kila nguo naacha kitambaa cha mshono, wewe hukuacha cha msumeno? Milimita mzima?"

Mwalimu hakucheka. Alisogea kwa magoti mpaka kwa Inspekta, akamwambia, "Na mimi nisamehe."

Mwalimu mkuu aliinuka nusu, akabaki ameketi sakafuni, shavu moja lina vumbi. Akaokota fomu yake, akaitazama, akamtazama fundi, akaitazama tena. "Sasa mimi niandike nini? Fomu inauliza nusu mbili ni nzima ngapi. Kimoja ni kosa, havitoshi ni kosa. Jamani, mbona mmenichanganya?"

"Muulize mwenyewe," alisema fundi.

"Haya. Inspekta, nisikilize. Nusu mbili ni vizima vingapi?"

Inspekta alikuwa amekwisha teremka kitini. Mikono yote miwili ilikuwa nje, inaokota gololi chini ya kiatu cha mwalimu mkuu. Aliinua uso.

"Kabla ya kukata, au baada ya kukata?"

Mwalimu mkuu aliisukuma miwani yake juu ya pua. Kisha akaliandika lile swali lote kwenye fomu, kwa pembeni kwa kuwa halikuwa na mahali pake, na chini yake akaandika: darasa la kwanza.

Walipotoka, Inspekta alikishika kidole cha mjomba wake, akaning'inia. Walikwenda hivyo mpaka karibu na karakana. Hapo mtoto akasimama.

"Mjomba, unga wa vitofali vyote vile uko wapi?"

Fundi alifikiri, akitamani kuwa na jibu jingine.

"Niliufagia," alisema.